Ridhaa ya mwenye dhiki: Je, kila bei iliyokubaliwa ni ya haki?

SISI wakazi wa Mzinga, hapa Morogoro, tumezoea kutaniwa kwa jina la mahali petu. Upo mzinga wa nyuki na upo mzinga wa vita. Tena upo mzinga wa vijana wa mjini, ambao mtu akiombwa fedha na mwenzake husema, "Leo nimepigwa mzinga." Kwa kawaida mpiga mzinga ni yule asiyenacho, na anayepigwa ni mwenye nacho. Ndugu msomaji, nataka nikueleze siku ambayo mambo yalikwenda kinyume: mimi mwalimu mwenye mshahara nilimpiga mzinga bibi muuza mikeka, na nikarudi nyumbani nikijiona hodari wa biashara.

Madrasa yetu ya jioni ilihitaji mkeka. Wazazi wakachanga, fedha nikakabidhiwa mimi. Jumamosi asubuhi nikamkuta bibi mmoja kando ya barabara, chini ya mwembe, mikeka mitatu imekunjwa mbele yake na mikononi anaendelea kusuka ukili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba ustadhi. Karibu mkeka."

"Huu mkubwa unauzaje?"

"Elfu ishirini na tano."

Nikacheka. Nikamwambia mkeka wa plastiki dukani ni elfu kumi na mbili, tena ukiuosha kwa maji unang'aa. Nikaugeuza mkeka wake, nikamwonesha mahali ambapo rangi haikukolea. Kisha nikapiga hatua tatu kama mtu anayeondoka, mbinu ambayo sote tunaijua. Akaniita. Akashuka hadi elfu ishirini, mimi nikasimama kwenye kumi na tano. Akatazama barabarani kidogo, akaukunja mkeka na kunikabidhi.

"Chukua tu mwanangu. Leo ni siku ya marejesho, na wale wakija hawataki kusikia neno."

Maneno yale niliyasikia vizuri. Nikalipa, nikaondoka. Jioni ile ile nikanunua bando la intaneti la shilingi 10,000, wala sikumwomba mtu yeyote anipunguzie.

Nyumbani mke wangu, ambaye mama yake alikuwa msukaji, aliutandika ule mkeka, akaupima kwa macho, akauliza nimeupata kwa kiasi gani. Nilipomwambia, hakunisifu. Alinihesabia: kuutafuta ukindu, kuuanika, kuuchana, kuupika kwenye rangi, kusuka ukili pima kwa pima, kisha kushona. Kwa mtu mwenye kazi nyingine za nyumbani ni siku ishirini. Ukitoa elfu tano za ukindu na rangi, bibi yule amebaki na shilingi 10,000 kwa siku ishirini, yaani shilingi 500 kwa siku. Na ile bei yake ya kwanza, ambayo mimi niliiona ni ya kunionea? Ilikuwa shilingi 1,000 kwa siku.

Wiki iliyofuata watoto wa madrasa walikaa juu ya mkeka ule, na somo lao lilikuwa Suratul Mutaffifin, sura inayoanza kwa kuwaonya wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Niliwasomesha nikiwa nimesimama.

ALIRIDHIA, LAKINI ALIRIDHIA NINI?

Nilikuwa na utetezi wangu. Kwanza, bibi alikubali mwenyewe, sikumlazimisha. Pili, fedha zile zilikuwa amana ya wazazi, na mwenye amana hatakiwi kuzitumia ovyo. Hoja hizi mbili si za kipuuzi, na nadhani wengi wetu tukiulizwa sokoni tutajibu hivyo hivyo. Kwa hiyo tuzitazame.

Ni kweli kwamba msingi wa biashara katika Uislamu ni kuridhiana. Katika Suratun Nisaa, aya ya 29, Allah (s.w.) amewakataza waumini kuliana mali zao kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana baina yao. Basi mtu akisema ameuza na mwenzake akasema amenunua, na hakuna aliyemshikia mwenziwe panga, biashara imetimia. Mkeka ni wangu kisheria na fedha ni zake.

Lakini ridhaa ina daraja. Yupo anayeridhia kwa sababu bei imempendeza. Na yupo anayeridhia kwa sababu jua linakwenda, mkopeshaji anakuja, na kurudi na mkeka ni kubaya zaidi kuliko kuuza kwa hasara. Wote wawili watatamka neno moja: "Chukua." Wanazuoni wa fiqhi waliliona jambo hili zamani, na wakalijadili chini ya jina la biashara ya mudhtar, yaani mtu aliyebanwa na dhiki. Wapo waliosema kuwa biashara hiyo inasihi, lakini haifai kwa muungwana. Kinachotakiwa ni kumsaidia mtu huyo, kumkopesha au kumpa muda, si kuitumia shida yake kujipatia mali yake kwa bei ya chini.

Hapa ndipo lilipo swali letu. Kadhi wa mahakamani huuliza kama mkataba umetimia. Siku ya Kiyama muulizaji ni mwingine, naye anaijua ile kauli ya "leo ni siku ya marejesho" na anajua kwamba mnunuzi aliisikia.

Ama hoja ya amana, mwenye kukabidhiwa fedha za watu ni kweli atahadhari asipunjwe. Lakini shilingi 25,000 kwa siku ishirini za kazi hazikuwa kupunjwa. Wazazi wale walinituma nikanunue mkeka, hawakunituma nikamkamue bibi kwa niaba yao. Amana haimgeuzi mtu kuwa mnyang'anyi wa halali.

KUWAPUNGUZIA WATU VITU VYAO

Tunapomkumbuka Nabii Shu'ayb (a.s.) na watu wa Madyan, akili zetu huenda moja kwa moja kwenye mizani iliyochezewa. Tunamfikiria muuza sukari mwenye jiwe bovu. Lakini ukiisoma aya ya 85 ya Suratul A'raf, na ya 85 ya Surat Hud, utaona kwamba baada ya kuamrishwa kutimiza vipimo, watu wale walikatazwa jambo jingine: kuwapunguzia watu vitu vyao. Neno la Kiarabu hapo linatokana na bakhs.

Imam Qurtubi katika tafsiri yake ameeleza kwamba bakhs ni kupunguza, na kwamba miongoni mwa namna zake ni kuitia bidhaa kasoro, kuidunisha mbele ya mwenyewe, au kumhadaa mtu kuhusu thamani yake. Tazama, ndugu msomaji. Dhambi hii haimhusu muuzaji peke yake. Mnunuzi anayeugeuza mkeka kutafuta doa, anayesema "hivi vitu siku hizi nani ananunua", huku moyoni anautaka na anajua ni mzuri, naye ameshika mizani. Tofauti ni kwamba mizani yake ni ulimi.

MBONA MTUME (S.A.W.) ALIPATANA BEI?

Msomaji anaweza kusema: Ustadhi, usituharamishie halali. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipatana bei. Naam, alipatana, na mfano mashuhuri ni wa Jabir bin Abdillah (r.a.), uliopokewa na Bukhari na Muslim. Walikuwa safarini, ngamia wa Jabir amechoka. Mtume (s.a.w.) akataka kumnunua, wakazungumza bei hadi wakakubaliana. Jabir alikuwa kijana ambaye baba yake aliuawa shahidi Uhud, akaachiwa madeni na dada zake wa kuwalea. Mnunuzi aliijua hali hiyo. Walipofika Madina, Mtume (s.a.w.) akaamuru Jabir apimiwe fedha yake na aongezewe. Kisha akamrudishia na ngamia wake.

Sisi tumeichukua sehemu ya kwanza ya hadithi hii na kuiacha ya pili. Vivyo hivyo imetajwa kwamba Hassan na Hussein (r.a.) walikuwa wakifuatilia bei kwa makini wanaponunua, lakini wenye kutaja hayo wanaongeza kwamba baada ya hapo walikuwa wakitoa mali nyingi. Anayetaka kuwafuata katika ukali wa bei na awafuate pia katika utoaji.

Yupo pia Jarir bin Abdillah Al-Bajaliy (r.a.), ambaye habari yake ameitaja Imam Nawawi katika sherhe ya Sahih Muslim. Alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Alipomwona, akamwambia mwenye farasi kuwa farasi wake ana thamani zaidi ya hapo. Akapandisha mwenyewe, mia kwa mia, hadi 800. Alipoulizwa, akasema alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Sidai kwamba kila mmoja wetu anaweza kufika daraja hiyo. Lakini ni vizuri kujua kwamba kulikuwa na watu ambao "kupatana bei" kwao kulikuwa na njia mbili, ya kushuka na ya kupanda.

Aliyeliweka jambo hili wazi zaidi ni Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111). Katika Ihyaa, anapozungumzia adabu za uchumi, ametenganisha uadilifu na ihsani. Uadilifu ni kutodhulumu. Ihsani ni kuzidisha wema juu ya hapo. Anaeleza kwamba anayenunua kwa mnyonge au fakiri si vibaya akavumilia bei iliyozidi kidogo, kwani hiyo ni ihsani. Lakini anayenunua kwa tajiri anayetafuta faida zaidi ya haja yake, kuvumilia kupunjwa hakuna sifa. Ni kupoteza mali bila thawabu wala shukrani.

TUMEIGEUZA JUU CHINI

Sasa tujitazame. Dukani kwenye viyoyozi bei imebandikwa kwenye kikaratasi, tunalipa na kusema asante. Kampuni ya simu ikipandisha bando, tunanung'unika na kununua. Hotelini soda inauzwa mara mbili ya bei ya mtaani, na tunaacha chenji kwa mhudumu ili tuonekane watu wa maana. Lakini mama aliyeteremka Uluguru alfajiri na karai la ndizi kichwani, tunamshikilia kwa shilingi mia mbili. Fundi viatu tunamwambia anatuibia. Anayefua majiko ya bati tunamuuliza kama ameyapaka dhahabu. Kwa tajiri sisi ni wapole, na kwa fakiri ni wakali. Alichofundisha Ghazali tumekishika, ila tumekishika miguu juu.

Jambo hili halikuanzia kwenye meza ya soko. Linaanzia njiani. Wanaojua barabara zinazoteremka kutoka milimani, kwenye ndizi, mananasi, mboga na mdalasini, wanajua kwamba wapo wachuuzi wanaowahi alfajiri kuwakuta wakulima kabla hawajafika mjini. Mkulima hajui bei ya leo, amechoka, anataka kurudi shambani. Mtume (s.a.w.) alikataza jambo hili hili, kuilaki misafara kabla haijafika sokoni, na katika riwaya ya Muslim muuzaji akifika sokoni akaona amepunjwa ana hiari ya kuivunja biashara. Tafakari uzito wa hukumu hiyo. Muuzaji yule naye aliridhia! Lakini ridhaa ya asiyejua bei haikuhesabiwa kuwa ndiyo mwisho wa maneno.

Wapo watakaosema kuwa kazi ya kuwainua wadogo ni ya serikali. Serikali ina sehemu yake, na yapo yaliyofanyika. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Februari 2021 hapa kwetu lilizinduliwa Soko Kuu la Chifu Kingalu. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha bila riba wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mpango ambao ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Yote hayo ni mazuri yakisimamiwa. Lakini hakuna waziri anayesimama chini ya mwembe baina yangu na bibi wa mikeka. Pale tupo wawili, na wa tatu ni Allah (s.w.).

DAMU INAYOKAUSHWA

Turudi kwenye lile neno, marejesho. Mikopo hii ya mitaani watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na jina limefaa. Sisi walimu wa dini tunasimama kwenye mimbari tukilaani riba, na ni wajibu wetu. Tunawaambia akina mama waiache. Swali ambalo hatujiulizi ni nani anayewasukuma huko.

Fundi cherehani ameshona kanzu kumi za Idd. Saba zimechukuliwa kwa "nitakuona mwisho wa mwezi." Wenye kanzu ni watu wenye kazi zao, na baadhi yao utawakuta safu ya mbele msikitini. Mwisho wa mwezi unapita. Fundi hana pa kununulia kitambaa, mtoto anadaiwa mchango shuleni, na njia iliyo karibu ni kausha damu. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mwenye uwezo kuchelewesha kulipa deni ni dhulma, Bukhari na Muslim wameipokea. Basi tunapomlaumu fundi kwa kula riba, au kuilisha, tuwakumbuke na wale saba waliomfikisha mlangoni.

Uislamu haukuacha pengo hapa. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla hayajawa tayari, akawaruhusu kwa sharti kwamba kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam. Maana yake kwa lugha ya Mzinga ni hii: kama unataka mkeka mwezi ujao, mlipe bibi fedha yote leo, mkubaliane urefu, upana, rangi na siku. Msikiti unaotaka mikeka, shule inayotaka sare, baba anayetaka kitanda, wote wanaweza. Fedha ile anayoilipa mnunuzi ndiyo mtaji wa fundi, na haina riba. Misikiti yetu mingapi inatandika mazulia kutoka nje ya nchi, wakati wasukaji wako mita mia mbili kutoka mlangoni? Sisemi zulia ni haramu. Nasema michango ya waumini inaweza kufanya kazi mbili kwa safari moja.

NANYI MAFUNDI

Haitakuwa insafu nikiwasema wanunuzi na kuwanyamazia mafundi. Wateja wengi wamekuwa wakali kwa sababu wameumwa. Fundi anataja bei mara tatu akijua utashusha. Anapokea malipo ya awali kisha anazima simu. Nguo ya Idd inakamilika Idd imekwisha. Mbao mbichi inapakwa rangi iitwe kavu. Huko nako ni kuwapunguzia watu vitu vyao. Kazi ya mikono ina heshima kubwa, Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa hakuna chakula bora alichokula mtu kuliko kile alichokichuma kwa kazi ya mikono yake, na akamtaja Nabii Daud (a.s.). Heshima hiyo inalindwa kwa ukweli.

Na kwa mnunuzi ambaye naye ni mnyonge, maana si kila aendaye sokoni ana mshahara, hakuna ubaya kusema kweli: "Mama, nina elfu tatu tu, nifikirie." Huo ni unyoofu. Ubaya ni kuwa nayo, kuificha, na kukitukana kitu cha mtu ili akuuzie kwa huzuni.

YULE WA DIRHAM MBILI

Imesimuliwa katika Sunan Abu Dawud, ingawa wapo wanazuoni walioizungumzia isnadi yake, habari ya Mansari mmoja aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Akaulizwa kama ana chochote nyumbani. Akasema ana tandiko wanalolivaa na kulilalia, na bakuli la maji. Akaagizwa avilete, na Mtume (s.a.w.) akavinadi. Mtu mmoja akasema dirham moja. Mtume (s.a.w.) akauliza nani ataongeza, akarudia. Mwingine akasema dirham mbili. Mansari akaambiwa dirham moja anunulie chakula cha familia yake, ya pili anunue shoka. Mtume (s.a.w.) akautia mpini kwa mkono wake, na yule bwana akaenda kukata kuni na kuuza, hadi akapata dirham kumi.

Sote huwa tunamkumbuka mwenye shoka, na tunamtaja kila tukiwahimiza vijana wafanye kazi. Nani anamkumbuka yule wa dirham mbili? Jina lake halikutajwa. Tandiko kuukuu na bakuli angeweza kuvipata kwa dirham moja, na mwenyewe angeridhia. Kama angeng'ang'ania moja, familia ingekula siku ile na shoka lisingenunuliwa.

Nilirudi kwa bibi baada ya wiki mbili na shilingi 10,000 mkononi. Akanitazama, akakataa. "Ule nilikuuzia, mwanangu. Kama una sadaka, msikitini kuna sanduku." Niliona aibu kuliko siku ya kwanza. Basi nikamwagiza mkeka mwingine, wa nyumbani kwangu, kwa elfu ishirini na tano, nikamlipa zote pale pale, tukakubaliana mwezi mmoja. Ulikuja baada ya mwezi na nusu, maana palitokea msiba kwao. Nilipoupokea sikuugeuza kutafuta doa.

Tumuombe Allah (s.w.) atujaalie tuwe wapole tunapouza, tunaponunua na tunapodai, na atusamehe kwa kila kikapu, kila kiatu na kila mkeka ambao tuliupata kwa bei iliyotufurahisha sisi peke yetu. Wabillahi tawfiq.